Uga wa umeme pekee hauwezi kuelesha gari
Ujumbe unaozunguka katika makundi ya simu hapa Mwanza hudai kwamba uga wa umeme (eneo linalozunguka kitu chenye chaji, ambamo nguvu ya umeme husukuma au kuvuta) peke yake unaweza kuinua gari likaelea. Si kweli. Uga ukifikia takribani volti milioni 3 kwa mita, hewa hupasuka na kutoa cheche, na hata hapo nguvu ya uga huo ni sawa na uzito wa kilo 4 hivi tu kwa mita ya mraba. Gari la tani 1 lingehitaji mita za mraba 250 hivi, ilhali uvungu wa Hiace haufiki hata 15.

Unaweza kuona udogo wa nguvu hiyo nyumbani. Sugua kitana cha plastiki kwenye nywele kavu ili kipate chaji: kitanyanyua vipande vya karatasi, lakini kokoto ya ufukweni haitikisiki. Wengi huchanganya na treni zinazoelea, ambazo hubebwa na sumaku. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze.