Mishipa myeusi ya kimondo cha Chelyabinsk haikutokana na kuungua angani

Wengi hudhani kwamba mishipa myeusi inayoonekana ukikata kipande cha kimondo cha mawe kilicholipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, ni alama za kuungua kilipokuwa kikishuka. Sivyo. Joto la safari hiyo ya sekunde chache huyeyusha ganda la nje tu, lenye unene unaokaribia milimita moja, huku kiini kikibaki baridi. Mishipa ile ni mwamba ulioyeyuka kwa kishindo cha asteroidi, yaani miamba inayozunguka Jua, kugongana, zamani sana kabla jiwe halijatufikia. Humo wanasayansi walikuta jadeiti, madini yanayohitaji shinikizo ambalo hewa yetu, hata ikibanwa vipi na kimondo, haiwezi kulifikia.