Kutafuta kazi Ujerumani ana kwa ana: fundi umeme aanzie wapi

Kadi ya Fursa, ambayo Wajerumani huiita Chancenkarte, ilianza kutolewa Juni 2024. Humruhusu mtu kuingia Ujerumani bila mkataba wa kazi na kukaa hadi mwaka mmoja akitafuta. Wengi huihangaikia miezi mingi, kisha wakifika hujifungia chumbani wakituma barua pepe ambazo wangeweza kuzituma wakiwa Nakuru au Morogoro. Faida ya kadi hii ni kwamba unaweza kwenda kugonga mlango.

Tumchukue fundi umeme. Mafunzo yake yawe ya miaka miwili au zaidi, yanayotambuliwa na serikali ya nchi alikosomea, na ZAB, ofisi ya Ujerumani iliyoko Bonn inayotathmini vyeti vya kigeni, ithibitishe hivyo. Cheti cha kufaulu mtihani wa ufundi tu, kisichoonyesha muda wa mafunzo, kinaweza kukwamia hapo. Awe na Kijerumani cha A1, ngazi ya mwanzo kabisa, au Kiingereza cha B2, ngazi ya juu ya kati, kisha afikishe alama 6 zinazotakiwa kwa kadi hii. Umri usiozidi miaka 35 una alama 2, Kijerumani cha B1 alama 2, na uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita alama 2. Zimetimia. Kwa mwaka 2025 alitakiwa pia kuonyesha euro 1,091 za matumizi kwa kila mwezi, yaani 13,092 kwa mwaka mzima. A1 ni kiwango cha chini tu cha viza, na kwenye karakana haitamfikisha mbali; ajitahidi afike B1 kabla ya kuomba.

Akishafika, asing'ang'anie Berlin. Karakana nyingi za umeme ni za watu wachache, katika miji midogo, na mwenye mali ndiye anayepokea simu. Huyo hana afisa wa ajira wala muda wa kusoma wasifu wa kurasa nne. Mahali pazuri pa kumpata ni kaunta ya duka la jumla la vifaa vya umeme asubuhi na mapema, mafundi wanapochukua mali kabla ya kwenda saiti. Chemba ya mafundi ya eneo, Handwerkskammer, nayo hujua karakana zinazotafuta watu. Jumamosi ya tatu ya Septemba huadhimishwa siku ya ufundi nchini kote, na karakana kadhaa hufungua milango. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea au klabu ya mpira ya mtaani pia husaidia. Wajerumani wana utani wao kwamba kazi hupatikana kwa "vitamini B", herufi ya kwanza ya neno lao la mahusiano. Ndugu wa diaspora watakusaidia kupata chumba, lakini kwa kazi ya fani yako usiwategemee wao peke yao.

Salamu ziwe fupi. Kwetu tungeuliza habari za nyumbani, watoto na mvua. Huko unapeana mkono, unataja jina lako na fani yako, unaingia kwenye hoja. Ukisema "nafanya kazi yoyote", umejishusha papo hapo. Sema umefunga nini: bodi za fyuzi, mota za awamu tatu, sola. Ujue pia tofauti za kazi. Soketi zao si za miguu mitatu kama zetu, na swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30 huitwa FI. Fundi asiyelijua neno hilo hugundulika mara moja.

Ombi lako liwe moja: siku chache za majaribio. Kadi inaruhusu ajira ya majaribio hadi wiki mbili kwa kila mwajiri, mradi ielekee kazi ya fani au mafunzo, na mbali na hiyo kibarua cha hadi saa 20 kwa wiki. Mwajiri mdogo huamini mikono kuliko karatasi. Jioni hiyohiyo mwandikie sentensi tatu: shukrani, mlichozungumza, na tarehe unayoweza kuanza majaribio.

Kinachomtisha mwajiri huyo zaidi ni makaratasi ya wageni. Akisikia "idara ya uhamiaji" hurudi nyuma, hata kama amekupenda. Basi nenda na fomu yenyewe, iitwayo Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis, ambamo yeye hujaza kazi, saa na mshahara. Sehemu zinazokuhusu wewe ziwe zimeshajazwa. Mweleze kwamba kibali hubadilishwa hukohuko Ujerumani, bila wewe kurudi nyumbani. Ombi la kubadilisha lipelekwe kadi ikiwa bado hai, na kwa kuwa miadi ya idara hiyo katika miji mingi huchukua wiki kadhaa, mkataba uupate kufikia mwezi wa nane au wa tisa wa kadi yako. Anayeingia mwezi wa kumi na moja wa kadi akiwa bado anasambaza wasifu amechelewa, hasa ikiangukia Desemba, kwa sababu kuanzia Krismasi hadi tarehe 6 Januari karakana nyingi huwa zimefungwa.