Kuficha jina la Wi-Fi si kuufunga mtandao

Katika nyumba na maduka mengi ya Dodoma, kuanzia Makole hadi Nkuhungu, wapo wanaoamini kwamba mtu akificha jina la Wi-Fi yake lisionekane kwenye simu za majirani, mtandao wake umekuwa salama. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa ni vigumu kudhani kwamba kisichoonekana kinaweza kuingiliwa.

Hata hivyo, ruta (kifaa kinachorusha Wi-Fi) iliyofichwa jina haiachi kurusha mawimbi; inachoacha ni kulitaja jina lake katika matangazo yake ya kila mara. Simu ya mwenye nyumba inapojiunga, jina hilo hupita hewani likiwa wazi, na programu za bure za kuchunguza mawimbi hulinasa. Tena simu iliyohifadhi mtandao wa aina hiyo mara nyingi huuita kwa jina popote inapokwenda, hata mwenyewe akiwa sokoni Majengo akichagua nyanya, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kinyume kabisa cha siri.

Kinacholinda ni usimbaji imara, yaani kuyageuza mawasiliano yasisomeke na asiye na ufunguo, pamoja na nywila ndefu. Udhaifu wa WEP, njia ya zamani ya usimbaji wa Wi-Fi, ulianikwa tangu 2001. Njia za kutumia ni WPA2, au WPA3 iliyotangazwa 2018. Ili kuhakiki, fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu ya Android, gusa mtandao uliojiunga nao, kisha usome mstari wa usalama. Mwenye steshenari anayewagawia wateja intaneti afungue mtandao wa wageni, ili kompyuta yenye hesabu zake ibaki kando. Na nywila iliyobandikwa kiwandani chini ya ruta, ambayo kila fundi aliyepita ameisoma, ibadilishwe.