Nibu ya dhahabu haitakusaidia kitu kwenye daftari linalonyonya wino

Utasikia mtu anakwambia nibu (ile ncha ya kalamu ya wino) ya dhahabu ndo inateleza, ya chuma inakwaruza. Wapi! Dhahabu yenyewe wala haigusi karatasi, pale nchani kabisa wanachomelea kitone cha madini magumu, wamezoea kukiita iridiamu ingawa siku hizi mara nyingi ni mchanganyiko wa metali zingine, na nibu nzuri ya chuma nayo inacho. Kuteleza kunategemea kitone kilivyosuguliwa. Dhahabu ya karati 14 labda inanesa kidogo, afu haili kutu, ila hela utaitoa.

Wengine wanadhani F, ile saizi ya nibu nyembamba, ni F tu popote. Thubutu. F ya Pilot ya Japani iko karibu na EF (nyembamba zaidi) ya Lamy ya Ujerumani, maana Wajapani wanabananisha kanji, herufi zao zenye mistari kibao, ndani ya kiboksi kidogo, ukinunua kwa kuangalia herufi tu utashangaa.

Ila kubwa kuliko ni hii ya eti mwandiko mbaya dawa yake nibu nene. Mi niliingia mkenge hapo, nikachukua B, yaani nene, ya kuandikia noti kwenye daftari la kawaida la shule, basi a na e zote zikaziba katikati zikawa vidoa, wino unatambaa pembeni kama mizizi, ukigeuza ukurasa yote yametokea nyuma, daftari la kurasa 96 nikatumia nusu. Karatasi za hivyo pamoja na fomu zenye vimistari vya kubana ni F au EF tu. B iachie saini, bahasha na kadi za harusi.

Na nibu aina ya stabu haikupi mwandiko yenyewe. Ncha yake imekatwa bapa, ukishuka mstari mnene, ukienda pembeni mwembamba, lakini sharti mkono ukae pembe ileile, ukiizungusha kidogo inakwaruza. Wanaoandika khati za Kiarabu kwa kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari hii wanaijua zamani.

Risiti za kaboni je? Hapo tumia biki. Kalamu ya wino ukiikandamiza meno ya nibu yanaachana, yakishapinda ndo basi.

Ukienda dukani beba daftari lako mwenyewe ujaribie humo, karatasi ya muuzaji siku zote ni nzuri.