Je, wajua kwa nini timu iliyoshinda mechi zote Marekani inaweza kunyimwa nafasi ya ubingwa?

Desemba 2023, timu ya chuo kikuu cha Florida State ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda zote 13, na ubingwa wa ligi ya kanda yake, ACC, ilikuwa nao mkononi. Nafasi za kuwania ubingwa wa taifa zilikuwa nne. Haikupata hata moja. Moja ilikwenda kwa timu ya chuo cha Alabama, ambayo timu ya chuo cha Texas ilikwishaifunga mapema msimu huohuo.

Mchezo wenyewe ni ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Vyuo vikuu vinaucheza mbele ya umati ambao viwanja vingine huufikisha zaidi ya watu laki moja. Mtu aliyezoea Ligi Kuu ya Uingereza lazima ashangae, maana kule ubishi huishia kwenye msimamo: timu 20, kila moja inakutana na mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 38, mwenye pointi nyingi anabeba kombe. Daraja la juu la vyuo vya Marekani lina timu zaidi ya 130, na katika msimu wa kawaida kila moja inacheza mechi 12 tu. Kwa jinsi miili inavyogongana humo, huwezi kucheza Jumatano ukarudi tena Jumamosi. Kwa hiyo timu nyingi hazikutani kabisa, na ligi za kanda hazilingani ugumu. Aliyeshinda zote kwenye ligi nyepesi amzidi aliyepoteza moja kwenye ligi ngumu? Uwanja hauna jibu. Inabidi watu wakae mezani.

Kwa miongo mingi waliokaa mezani walikuwa waandishi wa habari. Shirika la habari la AP lilianza kura yake mwaka 1936, na ya makocha ikafuata mwaka 1950. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hutoa makombe karibu katika kila mchezo, lakini kombe la daraja hili hakitoi mpaka leo. Basi msimu wa 1997 waandishi wakaichagua Michigan, makocha wakaichagua Nebraska, na kila chuo kikasherehekea kivyake.

Mwaka uliofuata ukaletwa mfumo wa BCS, uliochanganya kura na hesabu za kompyuta kupata timu mbili za fainali. Msimu wa 2003 Oklahoma ilichapwa 35-7 na Kansas State katika fainali ya kanda yake, na bado kompyuta zikaibeba hadi fainali ya taifa. USC, timu ya chuo cha Southern California, iliyokuwa ya kwanza kwenye kura zote mbili, ikaachwa nje. LSU, timu ya chuo cha Louisiana State, ikaifunga Oklahoma na kuchukua kombe, waandishi nao wakaipa USC ubingwa wao. Mabingwa wawili tena.

Tangu 2014 kazi hiyo ni ya jopo la watu 13. Mjumbe mwenye maslahi na chuo fulani hujitoa chuo hicho kinapojadiliwa. Utaratibu mzuri, lakini haugusi swali lenyewe: jopo linapima nini, kilichokwisha kufanyika au kinachotarajiwa? Florida State iliponzwa hapo. Jordan Travis, aliyekuwa akirusha mipira na kuongoza mashambulizi yao, aliumia mguu mwezi Novemba, na jopo likaona timu bila yeye si ileile. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa dhuluma, kwa sababu bila Travis walishinda mechi mbili zaidi. Baadaye Georgia iliwachapa 63-3, na watetezi wa jopo wakasema mnaona! Hawataji kwamba wachezaji wengi wa Florida State hawakucheza mechi ile isiyo na ubingwa.

Kuanzia msimu wa 2024 timu ni 12, na mabingwa watano wa kanda wana nafasi ya uhakika. Mwaka huohuo Alabama, ya 11 kwenye orodha ya jopo, ikakaa nje ili Clemson, ya 16 lakini bingwa wa kanda, iingie. Mimi naona huo ndio ubishi wa afadhali: anayelia ni mwenye vipigo vitatu, si yule asiyefungwa na mtu.

Ila mfumo huo umekuja na gharama yake. Ohio State ilifungwa 13-10 na mahasimu wao Michigan mwishoni mwa Novemba, kipigo ambacho zamani kingetosha kuua msimu, na Januari 2025 ikabeba kombe kwa kuifunga Notre Dame 34-23. Mabingwa wanne wa kanda waliozawadiwa kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza walitolewa wote katika mechi yao ya kwanza. Msimu uliofuata zawadi hiyo wakaanza kupewa wanne wa juu kwenye orodha ya jopo, wawe mabingwa wa kanda au wasiwe.