Unapeleka watoto Orlando Agosti au Septemba? Soma hili kabla ya kulipia

Kila ifikapo Julai, swali linalotufikia sisi watabiri wa hali ya hewa ni lile lile: "Tuna safari ya Orlando mwanzoni mwa Septemba, je, kimbunga kitakuwepo?" Wanaouliza ni familia zinazozungumza Kiswahili zilizoko Ohio, Texas na Kanada, na wengine wanatoka Nairobi au Dar es Salaam. Sababu yao naielewa. Shule za Florida hufunguliwa mapema Agosti, foleni za viwanja vya burudani zinapungua na vyumba vya hoteli vinashuka bei. Lakini Julai hakuna mtabiri anayeweza kulijibu swali hilo, na atakayekujibu usimwamini.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na kilele chake ni karibu na Septemba 10. Wakati huo bahari imeshapata joto la kutosha, nyuzi 26.5 na kuzidi, na mawimbi ya hewa yanayotoka Afrika yanapita kwa wingi. Baadhi ya mawimbi hayo huanzia upande wa Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, yakavuka Sahel hadi baharini. Mengi hufa njiani. Machache hukua.

Utabiri wa msimu, ule unaotangazwa kwenye habari, husema idadi tu. Wastani ni dhoruba 14 zenye majina, 7 kati ya hizo zikiwa vimbunga kamili, na 3 vikubwa. Idadi hiyo haikuambii kimbunga kitapita wapi. Mwaka 1992 msimu ulikuwa mkimya, dhoruba ya kwanza kupewa jina ilichelewa hadi Agosti, nayo ni Andrew, iliyoibomoa Homestead, kusini mwa Miami, Agosti 24. Kwa hiyo tafadhali, msituambie "mwaka huu wamesema ni nafuu".

Jambo ambalo karibu utalikuta kila siku ni radi. Florida ya kati iko katikati ya bahari mbili. Mchana upepo wa Atlantiki na ule wa Ghuba ya Meksiko huingia bara kutoka pande zote mbili, hukutana ndani, na hewa yenye unyevu hurushwa juu. Kwenye rada naviona vijiwingu vikijipanga mstari kuanzia saa 6 mchana, na ikifika saa 9 mstari wote umegeuka mwekundu. Ndiyo maana programu ya simu yako inaonyesha alama ya radi siku kumi mfululizo. Watu wanaahirisha safari kwa sababu ya alama ile! Maana yake ni mvua ya saa moja au mbili alasiri, asubuhi jua kali la nyuzi 33 ambalo kwa ule unyevunyevu mwili unalihisi kama 40.

Mwaka juzi, nje ya lango la kiwanja kimoja cha burudani, nilimkuta baba mmoja amesimama chini ya mwaloni na watoto wawili, makoti ya mvua ya plastiki bado yamekunjwa mkononi. Walikuwa wakizungumza Kiswahili. Nikamsalimu, nikamwambia, "Kaka, hapo si mahali, waingize watoto ndani." Akanijibu kwa upole, "Mbona mvua bado?" Radi hupiga hata kilomita 16 kutoka ilipo mvua. Ukisikia ngurumo tu, imeshakufikia. Ingia kwenye jengo lenye kuta au gari lenye paa la bati, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wafanyakazi wakifunga michezo ya nje, wanalinda uhai wako, msiwafokee.

Sasa utaratibu wa kimbunga chenyewe, ambao naomba usomwe polepole. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichopo Miami hutoa mtazamo wa siku 7 mara nne kwa siku, saa 2 na saa 8, usiku na mchana, kwa saa za Florida. Rangi ya njano ni uwezekano chini ya asilimia 40 wa dhoruba kuundwa, ya machungwa ni 40 hadi 60, nyekundu ni zaidi ya 60. Dhoruba ikishaundwa, taarifa kamili hutoka saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku. Neno watch kwenye simu yako ni sawa na angalizo: kimbunga kinawezekana, na hutolewa saa 48 kabla ya upepo wa kilomita 63 kwa saa kutarajiwa. Warning ni tahadhari: kimbunga kinatarajiwa, na muda ni saa 36. Watu huchanganya maneno haya kila mwaka, na kila mwaka kuna waliopanda ndege kuelekea kwenye tahadhari.

Ile koni nyeupe ya ramani si ukubwa wa dhoruba. Inaonyesha njia inayoweza kufuatwa na kitovu, na kwa takribani mara moja katika tatu kitovu hutoka nje yake. Kimbunga Milton kilipokaribia pwani ya magharibi ya Florida Oktoba 9, 2024, vimbunga vidogo vya nchi kavu (tornado) viliua watu pwani ya mashariki kabla kitovu hakijatua. Viwanja vya burudani vya Orlando vilifungwa, na uwanja wa ndege pia. Na kwa wanaosema Orlando iko mbali na bahari: mwaka 2004 Charley, Frances na Jeanne vyote vilipita Florida ya kati ndani ya takribani wiki sita, na Ian ya 2022 iliingiza mafuriko majumbani.

Kuhusu fedha. Disney huruhusu kubadilisha au kufuta vifurushi vya safari na vyumba vingi vilivyonunuliwa kwao moja kwa moja, bila adhabu, iwapo tahadhari ya kimbunga imetolewa kwa Orlando au mahali unapoishi ndani ya siku 7 kabla ya kuwasili. Tahadhari, si angalizo. Bima ya safari inunuliwe kabla dhoruba haijapewa jina, kwani baada ya hapo haitalipa kwa ajili yake. Shirika la ndege likifuta safari nawe ukakataa mbadala, lazima likurejeshee: siku 7 za kazi kwa kadi ya mkopo, siku 20 kwa malipo mengine. Hoteli haimo.

Hali ya dharura ikitangazwa, kupandisha bei ya chumba, maji au mafuta kupita kiasi ni kosa: dola 1,000 kwa kila kosa, hadi 25,000 ndani ya saa 24. Tunza risiti, lalamika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Mgeni naye anabanwa. Kukaidi amri ya kuhama ni kosa la jinai, siku 60 jela au dola 500, na waliopanga nyumba za magurudumu na mahema huwa wa kwanza kuamriwa.

Ujumbe wa dharura wa simu huja kwa Kiingereza na Kihispania. Kama mmemleta bibi kutoka Tanga au Bukavu, muandikieni kwa Kiswahili kwenye karatasi jina la hoteli, namba ya chumba na mahali pa kujificha, yaani bafu au ukumbi wa ndani usio na dirisha, aiweke pamoja na ufunguo na dawa zake.