Cheti cha Usajili wa Kampuni Si Leseni ya Kushauri

Malalamiko yanayotufikia kutoka Nakuru, Kisumu na Bungoma, mengi ya wastaafu waliotoka tu kupokea kiinua mgongo, yanafanana. Mwananchi alionyeshwa na anayejiita mshauri wa uwekezaji cheti cha usajili wa kampuni, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi) na kibali cha biashara cha kaunti, akaridhika. Hati hizo zote zaweza kuwa halali na mshauri huyo asiwe na ruhusa ya kumshauri yeyote kuhusu uwekezaji. Tumelisema hili mara nyingi: cheti kinathibitisha kwamba kampuni ipo, basi.

Leseni hufuata kazi. Hisa, bondi na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ziko chini ya CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji); bima iko chini ya IRA (mamlaka ya bima); pensheni, RBA (mamlaka ya mafao ya uzeeni); SACCO zinazopokea amana, SASRA (mamlaka ya SACCO). Fungua tovuti ya mamlaka husika mwenyewe na utafute jina kwenye orodha. Picha ya leseni uliyotumiwa kwa WhatsApp haitoshi, kwa sababu matapeli huazima jina la kampuni yenye leseni na kubandika nambari zao za simu. Kwa wakala wa bima angalia pia mwaka: leseni yake huisha Desemba 31.

Muulize mshauri nani anamlipa. Wengi wanaojiita washauri huru ni mawakala wa kampuni moja wanaoishi kwa kamisheni. Hilo si kosa, ila si uhuru, na aliandike. Bima ya akiba ukiivunja mapema, hasa kabla ya miaka mitatu, waweza kuondoka mikono mitupu ilhali yeye ameshalipwa.

Mshauri hana haja ya kushika pesa zako. Programu ya M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha malipo, lisome. Liwe la mfuko au kampuni uliyokubaliana nayo. Likitokea jina la mtu, katisha hapo hapo, hata akikwambia ni "akaunti ya muda". Na anayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi anakuahidi 120 kwa mwaka. Hakuna bondi ya serikali inayolipa hivyo.

Ukiwa na lalamiko dhidi ya mwenye leseni, iandikie kampuni kwanza na uhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, peleka kwa mamlaka nakala hiyo, mkataba na taarifa ya M-Pesa. Asiye na leseni, ripoti polisi upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha uiarifu mamlaka. Kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa la jinai lenye faini au kifungo, lakini faini hulipwa serikali, haikurudishii akiba yako. Usifute ujumbe wowote wa simu, hata ule wa matusi.